Mwaka Kogwa Makunduchi: nyota nne, ya tano imekaliwa na mahema ya wakubwa

Nianze na jibu kabisa kwa wale wasiopenda stori ndefu: nendeni Makunduchi. Mwaka Kogwa ni moja kati ya sherehe chache za mila zilizobaki huku kwetu ambazo wenyeji wangezifanya tu hata kama boti zote zingegoma na asitie mguu mgeni hata mmoja, na kwangu hiyo peke yake ni maksi kubwa maana matamasha mengi ya siku hizi ukiondoa jukwaa na mabango ya wadhamini hakibaki kitu. Ila kuna namna ya kwenda ukafaidi na kuna namna ya kwenda ukarudi unalalamika umepigwa jua bure, na tofauti yote iko kwenye kitu kimoja tu, una mwenyeji au huna. Nitaeleza huko mbele.

Kwa wasiopajua, Makunduchi ni mji mdogo kusini kabisa mwa Unguja, kama kilomita 65 kutoka mjini. Ukisikia mji usiwaze Kariakoo. Kuna upande wa Mji Mpya wenye maghorofa ya enzi zile za baada ya Mapinduzi, ndugu na yale ya Michenzani, yamesimama katikati ya minazi na migomba kama abiria walioshushwa kituo siyo chao, halafu kuna upande wa zamani unaoelekea pwani, nyumba za mawe, nyua za makuti, vichochoro vya mchanga na kina mama wanaotoka baharini na viroba vya mwani kichwani. Siku za kawaida pametulia mno. Siku ya mwaka utadhani Unguja nzima imeinama upande mmoja.

Sherehe yenyewe ni mwaka mpya wa Kishirazi, Nairuzi, asili moja na ile Nauruzi ya Wairani. Sasa lazima kuna mtu atauliza, mbona ya Wairani ni Machi na hii ni Julai? Mi nilimuuliza mzee mmoja tuliyekaa naye barazani akacheka kwanza, halafu akanipa hesabu bila kalamu. Mwaka wao una siku 365 kavu, hakuna cha Februari 29, kwa hiyo kila miaka 4 unarudi nyuma siku moja ukilinganisha na kalenda ya ukutani, wakati Wairani ya kwao walishairekebisha ikatulia mahali pamoja. Ndani yake kuna miongo 36 ya siku kumi kumi, jumla 360, halafu zinabaki siku 5 za kufungia. Na siyo hesabu ya mapambo jamani, zamani ndo wavuvi, manahodha na wakulima walikuwa wakiitumia kujua kusi inakaza lini, kaskazi inaingia lini, mbegu ziingie ardhini mwongo wa ngapi. Kalenda ya Kiislamu inafuata mwezi kwa hiyo haikwambii chochote kuhusu upepo na mvua, mtu wa pwani alihitaji zote mbili. Mzee alivyomaliza akasema "mwanangu, nyinyi mnahesabu tarehe, sisi tulikuwa tunahesabu upepo", akarudi kwenye kahawa yake.

Kuhusu Washirazi wenyewe, hao wanaosemekana walitoka Uajemi, ni wangapi kweli walivuka bahari na ni wangapi walijipa jina tu, wanahistoria wanabishana mpaka leo na mi siingii huko. Ninachojua ni kwamba msikiti wa Kizimkazi Dimbani, hapo jirani tu, una maandishi ya mwaka 500 Hijria, yaani 1107, kwa hiyo watu wa kusini hii hawajaanza mambo yao juzi. Ukiwa na usafiri pitia pale, ni karibu na mzunguko wake hauchukui muda.

Tuje kwenye huduma sasa maana hii ni rivyuu siyo somo la historia.

Usafiri. Kutoka Dar boti ni masaa mawili hivi bahari ikiwa na adabu, na Julai ni msimu wa kusi kwa hiyo adabu yenyewe siyo ya kutegemea, mwenye tumbo jepesi ameze dawa kabla hajapanda. Ukishafika mjini unatafuta daladala namba 310, hiyo ndo ya Makunduchi. Nauli ni ndogo sana ukilinganisha na wanachokuambia madereva wa teksi bandarini, ambao ukitamka tu "Mwaka Kogwa" wanakuangalia viatu kwanza ndo wanataja bei. Njia yenyewe ni nzuri, unapita Tunguu, unaingia msitu wa Jozani ambako kuna vibao vya kukumbusha madereva wapunguze mwendo kwa ajili ya kima punju, mti umekutana na mti juu ya barabara, kibaridi kinaingia dirishani, halafu mbele ya hapo nchi inakuwa mawe mawe na vichaka mpaka unafika. Ubaya ni kwamba siku yenyewe gari zinajaa kupita kiasi, yetu ilikuwa ya zile za kukaa pembeni mkiangaliana, katikati palikuwa na sufuria kubwa mbili, gunia la mkaa na kuku watatu wamefungwa miguu, na konda bado anapiga kelele kuna nafasi ya wawili. Lakini hakuna aliyekasirika. Mama mmoja alinipakatisha mtoto wake bila hata kuniuliza, akaendelea na maongezi yake.

Malazi. Hapa natoa nyota mbili na nimejikaza. Makunduchi yenyewe vyumba vya kulala wageni ni vichache, kwa hiyo wengi tunalala Jambiani, Paje au Kizimkazi. Tulikuwa tumeongea bei kwa simu na gesti fulani (sitaitaja) wiki mbili kabla, tumefika usiku bei imepanda karibu mara mbili, kijana wa mapokezi anasema "bosi kasema ni sikukuu", bosi hapokei simu, na kwa saa zile ungeenda wapi. Neti ya mbu ilikuwa na tundu la kupita paka. Kwa hiyo ushauri wangu, lipa kabisa mapema na uwe na ujumbe wa maandishi wa bei mliyokubaliana, siyo maneno ya kwenye simu.

Haya, siku yenyewe.

Asubuhi na mapema watu wanashuka baharini kukoga, hiyo ndo koga yenyewe, mwaka wa zamani unauachia maji. Usitegemee msafara wa ngoma wala mc, wanaenda kimya kimya, familia familia, watoto wanachezeana maji, bibi anamwagia mjukuu kichwani anamsugua masikio kama kawaida tu ya kila siku. Kama ni mtu wa kupiga picha hapa weka simu mfukoni, kuna kina mama wamelowa na nguo zao na siyo maonyesho.

Baadaye watu wanaanza kuelekea uwanjani, Kae Kuu. Sisi tuliambiwa saa nne. Saa nne tumefika, saa tano tupo, na saa sita tunatafuta kivuli, kwa sababu mambo hayaanzi mpaka msafara wa mgeni rasmi ufike na msafara una saa yake. Na hapa ndipo ilipo hasira yangu kubwa kwa hii sherehe. Upande mzuri wa uwanja, ule wenye kuona kila kitu na upepo, umewekwa mahema, viti vya vitambaa, maji ya chupa, zulia, na spika mbili kubwa zinapiga muziki ambao hauhusiani kabisa na Makunduchi wala na mwaka. Wazee wenye mila yao, watu wazima wenye kofia zao na kanzu, wamesimama juani upande wa pili wanasubiri wapewe ruhusa ya kuanza jambo ambalo babu zao walikuwa wakilianzisha wenyewe bila kipaza sauti. Nilimwona bi kizee mmoja anatafuta pa kukaa, askari mgambo anamsogeza nyuma, "bibi rudi nyuma ya kamba", akamjibu "kamba umeikuta wewe, mi nimezaliwa hapa". Watu wakacheka sana, bibi akapita, akakaa. Mgambo naye alikuwa na akili, hakumfuata.

Lakini ikianza, weee.

Wanaume wanagawanyika pande mbili, kaskazini ya Makunduchi na kusini, kila mmoja na mabua yake ya migomba, yale ya majimaji, mazito, na wanachapana kwelikweli. Siyo maigizo ya shule ya msingi yale ya "nipige taratibu". Bua la mgomba likitua mgongoni linatoa mlio mnene wa kuloa, pwaa, na maji yanaruka mpaka kwa waliosimama pembeni, shati langu lilikuwa na madoa ya utomvu wa mgomba na nikwambie tu ule utomvu hautoki, nimejaribu mpaka limau. Baada ya dakika chache uwanja mzima unanuka mgomba mbichi na vumbi. Vijana wanakuja wamejipanga, mmoja alikuwa amevaa helmeti ya bodaboda na makoti mawili ya baridi kwenye jua lile, mwingine kajifunga godoro la sponji kiunoni kwa kamba, kuna waliovaa madera ya dada zao kabisa na wigi, na hao ndo walikuwa wakali kuliko wote. Na kuna wazee wa kuamua humo ndani, ukiona mtu amepandisha hasira ya kweli mzee anaingia katikati na fimbo yake na wanaachana papo hapo, huyo mwenye misuli yote anainamisha kichwa mbele ya mzee wa kilo hamsini.

Maana yake, kama nilivyoelezwa na kila niliyemuuliza, ni kwamba kinyongo cha mwaka mzima kinamalizikia hapo. Ulinichukulia shamba, ulinisema vibaya msibani, ulikopa hukulipa, njoo uwanjani tutandikane na migomba, tukimaliza tumemaliza, mwaka mpya hauanzi na visasi. Nikamuuliza rafiki yangu (ye kwao ni hapo, ndo alikuwa mwenyeji wetu) kama kweli inafanya kazi. Akasema yeye na binamu yake walikuwa hawasalimiani kwa ishu ya mtumbwi, mwaka mmoja akamtandika vizuri tu pale uwanjani, jioni wakala sinia moja. "Na mtumbwi?" "Mtumbwi bado anao yeye." Basi sijui tuseme inafanya kazi au haifanyi.

Wakati wanaume wanachapana wanawake wanazunguka uwanja kwa makundi, wamevaa kanga na madera mapya, wamejipamba wamejifukiza, wanaimba. Na hapa nisikilizeni vizuri maana wageni wengi wanapitwa: nusu ya utamu wa Mwaka Kogwa iko kwenye hizo nyimbo. Ni matusi yenye heshima, yaani mafumbo makali ya mapenzi, ya waume wavivu, ya mawifi, wanaume wanapopigana kwa mabua wao wanapiga kwa maneno. Shida ni kwamba nyingi ziko kwa Kikae, Kimakunduchi cha wenyewe, na sisi wa Dar tunaojiona ndo wenye Kiswahili tulibaki tunatabasamu tu kama wazungu. Shangazi wa rafiki yangu akawa ananifasiria sikioni, mmoja kwa ufupi ulikuwa unawauliza vijana, mnaweza kupigana na migomba, mbona mkitajiwa mahari ya kulipa mnajificha? Nyingine alikataa kunifasiria akasema "hiyo waachie waliooa". Kama kuna kitu waandaaji wangeongeza siyo mahema, ni mtu mmoja wa hapo hapo mwenye kujua kueleza, aongoze kundi dogo la wageni pembeni bila spika. Ningelipia.

Halafu moto. Kunakuwa na kibanda kidogo cha makuti kimejengwa pale uwanjani, mganga na watu wake wanaingia ndani, kinawashwa, na wao wanatoka mbio kabla hakijawalalia. Imani ni kwamba kikishaungua hicho basi hakuna nyumba ya mtu itakayoua mtu kwa moto mwaka huo, na mwelekeo wa moshi ndo unaosoma mwaka utakuwaje. Makuti makavu hayana subira, ni dakika chache tu tangu kiberiti mpaka majivu, joto linakusukuma uso mpaka unarudi nyuma bila kupenda. Mwaka wetu mimi nadhani niliona migongo minne ya wapiga picha, droni moja, na moshi. Mganga wa watu anatoka kibandani anakuta lenzi mbele yake, ilibidi amsukume jamaa mmoja ndo apate njia, hebu fikiria ingetokea ajali ingekuwaje. Waandaaji, wekeni umbali. Mila ya kuzuia watu wasife kwa moto isije ikaua mpiga picha.

Moshi ulienda bara, yaani upande wa mashamba. Nikawauliza watu inamaanisha nini. Mkulima akasema mavuno. Mvuvi akasema bahari imeachwa salama. Dereva wa daladala akasema mafuta yatashuka bei. Rafiki yangu akasema wenye kujua kweli hawatakwambia pale uwanjani, na alisema bila kutania, kwa hiyo nikaacha kuuliza.

Kuna watu watauliza kuhusu dini. Makunduchi ni Waislamu wote, au karibu wote, na masheikh wapo wanaoikemea hii sherehe kila mwaka kwamba ni mambo ya kabla ya Uislamu, na wapo wanaosema ni mila tu haina ubaya, watu wanasoma dua na wanaswali adhuhuri kama kawaida. Mi niliona adhana ikitoka mabua yakawekwa chini. Mgeni siyo kazi yako kuamua, wewe vaa vizuri tu. Mabega na magoti yafunikwe, kina dada chukueni hata mtandio, nilimwona mgeni mmoja kaja na chupi ya kuogelea na shati la wavu, hakuna aliyemfukuza, lakini bi mkubwa mmoja alivua kanga yake mwenyewe ya juu akamfunga kiunoni, akampiga piga begani, akaendelea na wimbo wake.

Sasa chakula, na hapa ndo nakuja kwenye lile suala la mwenyeji.

Uwanjani kuna wauzaji, kuna urojo, mishikaki, muhogo wa kukaanga, miwa, juisi ya ukwaju, chipsi. Vya kawaida, bei imepanda kidogo kwa sababu ya siku, siwalaumu. Juisi ya ukwaju ya yule mama wa karibu na mnazi mkubwa ilikuwa kali ya kweli, siyo maji ya sukari. Lakini mtu aliyekula uwanjani hajala Mwaka Kogwa. Mambo yakishaisha pale watu wanatawanyika majumbani na ndipo sherehe inapoanza, na kwa desturi yao mtu asiye na mgeni siku hiyo anaonekana ana mwaka wa huzuni, kwa hiyo wanakuwania. Sitanii. Tukiwa tunatembea na rafiki yangu kuelekea kwao tuliitwa na nyumba tatu tofauti, "karibuni wageni, mpite, msipite hivi hivi", mzee mmoja akamshika mkono kabisa mzungu aliyekuwa peke yake na begi lake mgongoni akampeleka ndani, jamaa anageuka nyuma anatuangalia kama anauliza amekamatwa au vipi. Tukamwonyesha dole gumba. Tulimkuta jioni amevaa kikoi cha mwenyeji wake na anashika tumbo.

Nyumbani kwa kina rafiki yangu bibi yake alikuwa anapika uani kwenye mafiga matatu, nazi zimekunwa tangu alfajiri, wajukuu wanabadilishana kukaa kwenye mbuzi. Nikamwambia shikamoo bibi, akasema marahaba mwanangu, umekogwa? Nikamwambia nimekogwa, akacheka, akanipa bakuli la machicha niwapelekee kuku. Baadaye sinia likaja, pilau upande mmoja, wali wa nazi upande wa pili, katikati pweza wa nazi aliyeiva mpaka analegea bila kutafuna, na kuku wa kienyeji ambaye alikuwa mgumu kidogo kama inavyotakiwa, na kando kachumbari ya embe bichi na pilipili. Tulikaa watu sita kwenye sinia lile, mikono inagongana, bibi anazunguka anawasukumia wageni minofu upande wao kwa kidole chake, ukisema umeshiba anauliza "umeshibia wapi?". Halafu chai ya mchaichai na mkate wa kumimina wenye harufu ya iliki. Nimekula kwenye mahoteli ya Mji Mkongwe yenye mandhari ya bahari na mishumaa, na pweza wao wote wakusanyike hawamfikii yule wa bibi.

Sasa linganisha na mtu aliyekuja na safari ya kampuni. Kuna mabasi madogo mengi ya watalii yalikuja, wamelipishwa dola za kutosha, wakashushwa, wakapewa maji, wakaangalia mabua na moto, na kibanda kabla hakijapoa wakaitwa waingie kwenye gari warudi hotelini kula mchana wa bufee. Wamekuja mpaka mlangoni mwa sherehe wakageuza. Niliongea na mama mmoja Mjerumani akaniambia amefurahi sana ila ameona ni fupi. Mama, siyo fupi, wamekuondoa. Hii naomba kampuni zisome, panga tu na nyumba kumi za pale, kila nyumba ipokee wageni wanne, uwape hela ya chakula kabla, kila mtu atafurahi na pesa itabaki Makunduchi badala ya kuishia kwenye bufee.

Jioni kuna ngoma na taarabu, na kule pwani kuna disko la vijana linaloenda mpaka usiku mwingi. Ngoma nimeipenda, disko hapana, muziki ule ule wa Sinza kwa sauti ya kupasua sikio, ila vijana wa pale walikuwa na furaha zao na wao ndo wenye mwaka, mi ni nani. Usiku giza ni giza haswa, chukua tochi. Choo cha umma usitegemee kabisa, hii ni sababu nyingine ya kuwa na mwenyeji.

Kuna mtu ameniuliza kipi bora kati ya hii na Tamasha la Utamaduni la Lamu. Ni vitu viwili tofauti. Lamu ni mashindano, mbio za punda, mbio za majahazi, kuogelea, bao, hina, mashairi, mambo yamepangwa kwa ratiba na mji wenyewe ni urithi wa dunia tangu 2001, kwa hiyo hata mashindano yakichelewa unatembea tu vichochoroni na macho yanashiba. Kwa familia yenye watoto wadogo ningesema Lamu, mtoto ataelewa punda anayekimbia. Makunduchi ratiba ni mbovu, mji wenyewe hauna majumba ya kupiga picha, lakini hakuna mtu anayeshindana apate kombe, wanafanya kwa sababu wasipofanya wanaona mwaka wao haujaingia. Sauti za Busara pale Ngome Kongwe mwezi wa pili ni kitu kingine tena, ile ni muziki wa jukwaani na ni mzuri sana ila usiuite mila.

Kwa hiyo maksi zangu: tukio lenyewe tano kati ya tano, chakula cha nyumbani tano na ningeweza kuongeza, usafiri tatu, malazi mbili, mpangilio wa uwanja moja na nusu, hiyo nusu ni ya mgambo aliyemwacha bibi akae. Ukipiga wastani inashuka, ila kwa ujumla naipa nne.

Kama unataka kwenda na huna mtu wa Makunduchi, fanya hivi. Ulizia tarehe mapema, usitegemee ya mwaka jana, mpigie mtu yeyote wa kusini Unguja, kila Mzanzibari ana shemeji huko. Fika siku moja kabla. Tembea mji wa zamani jioni, salimia watu, kaa barazani, kunywa kahawa, na mtu akikuuliza umefikia kwa nani mwambie ukweli kwamba huna mtu, hiyo sentensi itakupatia nyumba kabla hujamaliza kikombe. Usiende mikono mitupu, kilo mbili za sukari, mchele, sabuni, chochote, mkabidhi mama mwenye nyumba na siyo watoto. Picha za kina mama omba kwanza, na wakikataa basi. Nguo nyeupe acha Dar.

Na kurudi usingoje jioni ile ile, daladala za usiku ni vita nyingine na hiyo haina wazee wa kuamua, lala huko huko, asubuhi kuanzia saa kumi na mbili gari za mjini zipo na zina nafasi.